Usikate Zile Paipu: Kutafuta Ubovu wa Vifaa vya Kupunguza Moshi kwenye Magari ya Zamani

Mwalimu mmoja mstaafu wa Bugembe aliniletea Corolla DX yake ya 1982 ikivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu ya mkwewe. "Binti yangu," akaniambia kabla hata salamu hazijaisha, "mafundi wanne wameshalishika gari hili, na kila mmoja ameliacha bovu kuliko alivyolikuta."

Nikafungua boneti. Paipu tisa nyembamba za mpira zilikuwa zimekatwa kwa wembe, na kila mdomo umezibwa kwa chochote kilichokuwa karibu: skrubu, kijiti, vipande vya kalamu ya biki vilivyoyeyushwa kwa kiberiti. Valvu ya EGR, ile inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini, ilikuwa imezibwa kwa bati la kopo la maziwa. Ubovu halisi nilikuja kuuona siku ya pili. Ulikuwa ufa wa urefu wa ukucha kwenye paipu moja nyuma ya kabureta. Hayo mengine yote yaliharibiwa na mikono ya watu waliokuwa wakiutafuta.

Mimi ni fundi wa Walukuba, Jinja, Uganda, mwaka wa 26 huu. Kazi nilifundishwa na marehemu baba yangu, aliyekuwa akitengeneza malori ya kiwanda cha nguo. Kiswahili ndiyo lugha ya mtaa wetu tangu watu walipokuja kutoka kila pembe kutafuta kazi viwandani, kwa hiyo naandika kwa lugha niliyojifunzia kushika spana. Haya ndiyo ninayoyafanya gari la zamani likija na lile tandabui la paipu, na mwenyewe anasema linazima, linakula mafuta, linanuka au linapiga mshindo.

Kwanza ujue zile paipu zilitoka wapi. Miaka ya 1950 Los Angeles ilikuwa ikifunikwa na ukungu unaochoma macho, na mwanakemia Arie Haagen-Smit akaonyesha kwamba unatengenezwa na jua likiupiga moshi wa magari na wa viwanda. Magari ya California yakaanza kuwekewa valvu ya PCV, ya kurudisha hewa chafu ya injini ikaunguzwe, mwaka 1961, na mengine ya Marekani yakafuata 1963. Kopo la mkaa, EGR na pampu ya hewa vikaja baadaye, na katalisti, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, ikaenea kwenye magari ya mwaka 1975. Japani nao mwaka 1978 wakaweka sheria kali: oksidi za nitrojeni zisizidi gramu 0.25 kwa kilomita. Magari mengi ya Kijapani yaliyokuja kwetu yakiwa yametumika yalijengwa kwa sheria hiyo. Angalia jina la injini. Toyota ya miaka ile ikiwa na herufi U mwishoni, kama 3A-U ya Mwalimu, ni injini ya soko la Japani yenye vifaa vya kupunguza moshi. Ikiwa na C, kama 3T-C, ilitengenezwa kwa masharti ya California.

Wenye kiwanda hawakuipachika mitambo hii juu ya injini iliyokwisha kukamilika. Kabureta na taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) vilipimwa vikiwa pamoja nayo. Kwa hiyo ukikata kimoja, vingine vinaendelea kufanya kazi kana kwamba kile bado kipo, na gari linaanza kuonyesha dalili ambazo hazina uhusiano na ulichokikata.

Anza na injini yenyewe

Kabla hujagusa paipu hata moja, hakikisha plagi ni nzima, pointi za distribyuta zina nafasi sahihi, klirensi ya valvu ni sawa, kompresheni haijapishana sana kati ya silinda na silinda, na filta ya hewa ni safi. Taimingi ipime kwa taa, na paipu ya distribyuta uichomoe na kuiziba kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Usiiseti kwa sikio. Nusu ya magari ninayoletewa eti "EGR imekufa" yana pointi zilizolika.

Kisha chukua geji ya mvuto, inayopima jinsi injini inavyovuta hewa. Hiki ni kifaa rahisi kuliko vyote nilivyo navyo, nacho kimenilipa zaidi ya vyote. Kichomeke kwenye manifoldi ya hewa, yaani bomba linalopeleka hewa kwenye silinda, injini iwe ya moto na ikinguruma bila kukanyagwa. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya watu wa pwani, vinasema injini nzima isome inchi 17 hadi 21 za zebaki. Hapa kwetu usizitafute namba hizo. Mvuto hupungua kama inchi moja kwa kila mita 300 za kupanda, na Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Injini nzima hapa itasoma kama 13 hadi 17. Kabale, zaidi ya mita 1,800, itasoma chini zaidi. Nimeshuhudia kijana akiipasua injini nzima kwa sababu geji ilisoma 15 na kitabu kilisema 18.

Mshale ukitulia, vizuri. Ukitulia lakini uko chini mno, fikiria taimingi iliyochelewa au hewa inayoingia pasipotakiwa. Ukirukaruka kwa mpangilio, kuna valvu au silinda yenye shida, na hapo hakuna paipu itakayokusaidia.

Paipu, moja baada ya nyingine

Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Kisha kata vipande vya selotepu ya karatasi, andika namba, bandika namba ile ile kwenye paipu na kwenye mdomo wake. Magari mengi ya Kijapani yana karatasi ya ramani ya paipu chini ya boneti. Kama lako bado linayo, itunze kama kadi ya gari. Wapiga rangi huifuta kwa tina bila kuuliza, na nimewahi kumlilia mpiga rangi mmoja asiifute, akaniona mwendawazimu.

Chunguza kila paipu kwenye miisho yake, kwa sababu ndiko mpira unakokauka na kupasuka. Ikunje. Ikionyesha nyufa, kata sentimita moja ya mwisho kama urefu unatosha, au weka mpya ya kipenyo kile kile. Tafadhali usitumie paipu ya dripu ya hospitali. Naiona kila wiki. Inaonekana safi, inaingia vizuri, lakini ikipata joto la injini inalainika, na mvuto unaibana ikafunga kabisa. Gari litakuwa zuri asubuhi na baya saa nane mchana, na utahangaika mwezi mzima.

Kutafuta uvujaji, sipendi kupuliza petroli wala kisafisha kabureta juu ya injini ya moto. Kuna mwenzetu aliungua mkono kwa njia hiyo. Mimi natumia kopo la kupulizia maji, tone moja moja kwenye viungo, mbali na distribyuta na waya za plagi. Mngurumo ukibadilika maji yanapogusa, umepata mahali. Njia ya pili ni paipu ya mpira ya urefu wa mkono: ncha moja sikioni, nyingine unaitembeza pembeni ya manifoldi na kabureta, mbali na feni. Hewa inayoingia pasipo mahali pake inalia kama nyoka.

PCV

Hii ni ya dakika tano tu. Kazi yake ni kuivuta ile hewa chafu inayopenya pembeni ya pistoni na kuirudisha ikaunguzwe, badala ya kuimwaga barabarani. Ichomoe, itikise: iwe inacheza ndani, "kacha kacha". Irudishe, injini ikinguruma, funua kifuniko cha kumiminia oili na uweke karatasi nyepesi juu ya tundu. Karatasi inatakiwa ivutwe chini. Ikisukumwa juu, ama valvu imeziba ama ringi zimechoka. Valvu iliyoziba ndiyo huleta oili kwenye filta ya hewa na kusukuma sili za krankishafti zivuje. Watu hununua sili mara mbili na mara tatu, kumbe ubovu ni wa valvu ndogo kuliko kidole.

Kopo la mkaa

Hili nitakaa nalo kidogo, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko vyote.

Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limelala. Mvuke ule hupitia paipu ndefu kutoka kwenye tangi hadi kwenye kopo jeusi lenye mkaa maalumu ndani, ukahifadhiwa humo. Injini ikishapata moto na ukiwa unaendesha, mvuto wa kabureta unaunyonya ukaunguzwe. Maana yake ni kwamba tangi linapumua kupitia kopo. Sasa fundi anaona paipu inanuka petroli, anaiziba kwa bolti.

Dereva mmoja alikuwa na Toyota Corona ya zamani iliyokuwa ikizima kila alipokwenda Kampala. Ikitoka hapa iko sawa, ikifika Mabira inaanza kukohoa, na pale Najjembe wanapouza kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma) inazima kabisa. Anakula kuku, anasubiri dakika 15, inawaka, inaendelea mpaka Lugazi. Alibadilisha pampu ya petroli mara mbili. Nilimwomba safari ijayo, ikizima tu, afungue kifuniko cha tangi asikilize. Akanipigia simu akiwa kando ya barabara: "Mama fundi, imevuta pumzi kama mtu aliyetoka majini!" Tangi lilikuwa limezibwa pande zote. Petroli inatoka, hewa haiingii, mwishowe pampu inashindwa. Gari likisimama, hewa inapenya kidogo kidogo, ndiyo maana lilikuwa linawaka tena.

Kinyume chake pia kipo. Likiegeshwa juani kutwa, tangi lililozibwa linajaa presha, petroli inasukumwa hadi kabureta, na ukija kuwasha unakuta plagi zimelowa.

Kulipima: chomoa paipu ya tangi kwenye kopo na uipulizie kwa pampu ya baiskeli ukiwa umefungua kifuniko cha tangi, mwenzako asikie hewa kule nyuma. Usipulize kwa mdomo, mvuke wa petroli ni sumu. Kisha tikisa kopo. Likiwa zito na kuna majimaji ndani, mkaa umelowa petroli. Mara nyingi sababu ni kujaza tangi mpaka shingoni, na kumwambia mhudumu wa kituo aongeze baada ya pampu kujikata. Kopo lililolowa hulijaza injini mvuke na kuifanya itoe moshi mweusi. Kama chini yake kuna filta ndogo, isafishe au badilisha. Kwenye makopo yasiyofunguka, nimetumia kopo la gari la miaka ya 1990 lenye midomo inayolingana, na limefanya kazi vizuri kabisa. Usikubali mtu akuuzie mkaa wa jikoni uliosagwa. Hauna nguvu ile, na vumbi lake linaingia kwenye jeti, vile vitundu vya petroli ndani ya kabureta.

EGR

Valvu hii hurudisha sehemu ndogo ya moshi wa ekzosi ndani ya injini. Inasikika kama uchafu, lakini ina akili yake. Moshi ule hauungui tena, kwa hiyo unapunguza ukali wa moto ndani ya silinda, na oksidi za nitrojeni, ambazo huzaliwa kwa wingi joto likizidi nyuzi 1,370 hivi, zinapungua. Inatakiwa ifunge injini ikiwa baridi na ikinguruma bila kukanyagwa, ifunguke unapotembea kwa mwendo wa kawaida.

Kwa hiyo dalili ni mbili zinazopingana. Ikikwama wazi, gari linatetemeka likisimama, linazima kwenye mataa, lakini barabarani ni zuri. Ikizibwa kama ile ya bati la maziwa, gari linasimama kwa utulivu, lakini ukipanda mlima injini inagongagonga kama kokoto ndani ya kopo. Kugonga huko kunatoboa pistoni. Mafundi hujibu kwa kurudisha taimingi nyuma, gari linapoteza nguvu, kisha wanapanua jeti ili lipate nguvu, na hapo linaanza kula mafuta. Hiyo ndiyo njia hasa gari la Mwalimu lilivyopitishwa.

Vaa glavu nene, injini iwe ya moto na ikinguruma. Ingiza kidole chini ya valvu, kama umbo lake linaruhusu, sukuma juu dayaframu, kile kiwambo cha ndani kinachoifungua. Injini inatakiwa ikohoe au izime. Isipobadilika, njia ya moshi imeziba kwa masizi. Ifungue, ukwangue kwa waya na bisibisi ya zamani, ukiwa umeziba tundu la manifoldi kwa kitambaa ili masizi yasidondokee ndani. Dayaframu isiloweke kwenye petroli.

Kama umbo halikuruhusu, au unataka kupima dayaframu, chukua kipande safi cha paipu, kichomeke kwenye mdomo wa valvu, nyonya hewa, kisha ziba kwa ulimi. Ulimi ubaki umenaswa. Ukiachiwa, kiwambo kimetoboka.

Halafu pima amri inayoifikia. Chomoa paipu yake, weka kidole au geji. Injini ya moto ikinguruma: kusiwe na mvuto. Kanyaga hadi mizunguko 2,500 hivi kwa dakika: mvuto uje. Ukiukuta mvuto mkali hata kabla hujakanyaga, mtu ameichomeka paipu kwenye mdomo wa manifoldi badala ya ule wa kabureta ulio juu kidogo ya kipepeo, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Kosa hili nimelikuta mara nyingi kuliko valvu yenyewe kuharibika.

Usipoupata mvuto kabisa, mshukiwa ni ile valvu ndogo iliyofungwa kwenye njia ya maji, yenye kufungua na kufunga kwa joto. Ifungue injini ikiwa baridi kabisa. Pulizia: iko wazi au imefunga? Kisha itumbukize sehemu ya chini kwenye sufuria ya maji, uyachemshe, upulizie tena. Baadhi hufunguka zikipata moto, baadhi hufunga. La muhimu ni kwamba ibadilike. Ikibaki vile vile mpaka maji yachemke, imekufa. (Kwetu hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na zinatosha.)

Pampu ya hewa na mshindo

Magari machache hapa yana pampu ya hewa yenye mkanda. Niliyoifanyia kazi zaidi ni Land Cruiser FJ60 iliyoletwa kutoka Marekani, ya misheni moja upande wa Kamuli. Ilikuwa ikipiga mshindo kama bunduki kila dereva alipoachia mafuta kwenye mteremko, mpaka watoto wa shule walikuwa wakikimbilia vichakani.

Pampu hupeleka hewa kwenye ekzosi ili mafuta yaliyobaki yamalizikie kuungua humo. Unapoachia mafuta ghafla, injini huvuta petroli nyingi, na hewa ikiendelea kuja, ekzosi inalipuka. Ndiyo sababu kuna valvu ya kuielekeza hewa nje kwa muda. Jaribio ni rahisi: chomoa kwa muda paipu ya hewa inayokwenda ekzosi, uzibe mdomo wa upande wa ekzosi, endesha. Mshindo ukiisha, valvu ile au paipu yake ya mvuto ndiyo yenye kosa. Usipoisha, tafuta gasketi ya ekzosi iliyopasuka. Ile FJ60 ilikuwa na paipu ya mvuto iliyochomoka tu.

Angalia pia valvu ya njia moja iliyo karibu na ekzosi. Paipu yake ya mpira ikiwa imeungua kwa ndani, moshi unarudi nyuma. Ifungue, pulizia: upande mmoja hewa ipite, mwingine isipite hata chembe. Magari mengine hayana pampu, yana valvu ya ulimi inayovuta hewa yenyewe kwa mapigo ya ekzosi. Kanuni ni ile ile.

Katalisti

Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi ifikapo mwanzo wa 2006. Risasi hufunika madini ya katalisti ikafa, kwa hiyo gari lililotembea hapa miaka ya 1990 linaweza kuwa na katalisti nzima kwa umbo lakini mfu kwa kazi. Mfu inayopitisha hewa haitakusumbua barabarani. Iliyoziba itakusumbua: rudisha geji ya mvuto, shikilia mizunguko 2,500. Mshale ukishuka polepole bila kukoma, moshi hauna pa kutokea. Legeza boliti za mbele ya katalisti. Injini ikipata pumzi, umepata jibu.

Katalisti inayogeuka nyekundu haikuanza ubovu yenyewe. Kuna plagi isiyowaka au kabureta inayomwaga. Tengeneza hilo kwanza, na usiegeshe juu ya nyasi kavu. Ukibadilisha, weka mpya. Bomba tupu linaongeza sumu kwenye hewa ambayo watoto wa Walukuba wanaivuta wakitembea kwenda shule. Na wale wanunuzi wanaopita gereji kwa gereji wakitaka ile ya zamani wanajua ina platini na paladi, kwa hiyo usiwape bure.

Gari la Mwalimu lilihitaji mita tatu za paipu, dayaframu moja kutoka kwa muuza vipuri vilivyotumika wa Kisekka, Kampala, jeti za kipimo cha awali na taimingi kurudishwa mahali pake. Tulilijaribu kwenye mpando wa kutoka darajani kwenda Njeru, gia ya tatu, madirisha wazi ili tusikie kama linagonga. Halikugonga. Tuliporudi nilichora ramani ya paipu zote kwa kalamu ya wino, nikaifunika kwa plastiki na kuibandika chini ya boneti. Juu yake Mwalimu mwenyewe akaandika, kwa ule mwandiko wa ubaoni: "Fundi, soma kwanza."